Aliyepima Maji

Mazungumzo ya redio
Fungu la kusoma: Matendo ya Mitume 27:27–44

Popote unaponisikia asubuhi hii, kama u jikoni unachemsha chai, au u ndani ya matatu unakwenda kazini, au umelala kitandani kwa sababu mwili hauna nguvu, nakuomba unipe dakika chache tufikiri pamoja.

Nataka kuanza hapa kwetu Kamakis. Wengi wenu mnapajua. Ni pale Ruiru ambapo Eastern Bypass inaachana na barabara kuu ya Thika. Wengine mnapajua kwa ajili ya nyama choma, kwa maana siku ya Jumamosi moshi wa nyama huonekana tangu mbali. Lakini sisi tunaokaa hapa tunapajua kwa jambo jingine: ploti. Zamani sehemu hizi za Ruiru zilikuwa mashamba makubwa. Leo zimekatwa vipande vipande, na kila kipande kina mwenyewe, na kila mwenyewe ana karatasi yake, na kila karatasi inasema habari za bikoni nne.

Miaka michache iliyopita wazee wawili wa kanisa moja walikosana juu ya mpaka. Kila mmoja alikuwa amestaafu. Kila mmoja alikuwa amenunua ploti yake kwa kiinua mgongo chake. Na kila mmoja alikuwa na hakika kwamba mwenzake amemwibia hatua tatu za ardhi. Hatua tatu tu! Lakini kwa ajili ya hatua tatu waliacha kusalimiana. Wakawa wanakaa pande mbalimbali kanisani, na siku ya Meza ya Bwana mmoja akija, mwingine hubaki nyumbani. Tuliwasihi, tukaomba nao, tukasoma nao Maandiko. Hakuna aliyerudi nyuma.

Mwishowe tulimwita mpima ardhi. Akaja na chombo chake na ramani ya zamani iliyokunjwa mpaka ikachakaa. Akapima kutoka kona moja, akapima kutoka kona nyingine, kisha akasema, “Chimbeni hapa.” Vijana wakachimba. Shimo lilipofika kina cha magoti, jembe likagonga chuma. Ilikuwa bikoni ya kwanza, ile ya asili, imefunikwa na udongo na mizizi. Haikuwa pale alipodai mzee wa kwanza, wala haikuwa pale alipodai mzee wa pili. Ilikuwa katikati. Wale wazee wakatazamana. Halafu mmoja akaanza kucheka, na mwenzake akacheka pia. Jumapili iliyofuata waliketi benchi moja.

Mimi nilimwuliza yule mpima, “Ni nani aliyeitia bikoni hii mara ya kwanza?” Akatazama pembeni mwa ramani, penye sahihi, akajibu, “Ni mzee mmoja. Alikufa zamani. Mimi sikumjua.”

Ndugu msikilizaji, maneno hayo hayajanitoka moyoni. Mtu tusiyemjua, ambaye hakupigiwa makofi na yeyote, siku moja alisimama juani akapima sawasawa, ingawa hakuna aliyekuwa akimwangalia. Naye amewapatanisha wazee wawili ambao hakuwaona kamwe.

Tangu siku ile nimekuwa nikifikiri sana habari za watu wanaopima. Nikakumbuka lile fungu letu la leo, katika Matendo ya Mitume sura ya 27. Paulo yumo safarini kwenda Rumi, naye ni mfungwa. Merikebu imepigwa na tufani usiku na mchana. Ni usiku wa 14. Katikati ya usiku ule mabaharia wakahisi ya kuwa wanaikaribia nchi kavu. Basi wakapima maji. Wakaona kina chake ni pima 20. Wakaenda mbele kidogo, wakapima tena, wakaona ni pima 15.

Wale wa pwani wanaifahamu kazi hiyo. Chombo chake huitwa bildi. Ni kipande cha risasi kizito kilichofungwa katika kamba ndefu, na kamba ile imetiwa alama kila baada ya pima kadhaa. Pima moja ni kama futi 6. Baharia huitupa bildi majini, kamba ikashuka mpaka risasi iguse chini, naye husoma alama. Chini ya risasi pana kishimo kinachopakwa shahamu, ili bildi ikirudi ije na mchanga, au tope, au vipande vya kombe, na nahodha ajue ni chini ya namna gani. Kwa hiyo katika merikebu ile ya Paulo futi 120 zilikuwa zimekuwa futi 90. Maji yanapungua. Miamba iko mbele. Wakatia nanga nne upande wa tezi, wakangoja kupambazuke. Asubuhi merikebu ilivunjika, lakini watu wote 276 walifika pwani salama. Luka hakutuandikia jina la yule baharia aliyeishika kamba.

Leo nataka kuwasimulia habari za mtu mmoja aliyeishika kamba ile karibu maisha yake yote. Huyu jina lake linajulikana. Aliitwa William Fitzwilliam Owen, Mwingereza, aliyekufa akiwa na cheo cha admirali.

Labda mtaniuliza, “Mchungaji, sisi watu wa Kamakis tuna nini na admirali? Bahari iko mbali nasi.” Ngojeni kidogo. Simama kando ya Eastern Bypass uyatazame malori. Mengi yametoka Mombasa. Mchele unaokula, mtumba uliouvaa, simu iliyo mfukoni mwako, chuma kilichojenga nyumba yako, vingi vimeingia nchini kwa mlango mmoja, nao ni Kilindini. Na jina lenyewe linatuambia kwa nini meli kubwa huingia pale: ni penye kilindi, penye maji marefu. Ukipita Kilindini ukaingia ndani zaidi, unafika mahali panapoitwa Port Reitz. Jina hilo ni la kijana mmoja aliyetumikia chini ya huyo Owen. Nitawaambia habari zake.

Owen alizaliwa mjini Manchester mwaka 1774. Hakuzaliwa katika ndoa. Baba yake, ambaye naye alikuwa nahodha wa manowari, alikufa mtoto huyu akiwa na umri wa miaka minne tu. Akalelewa na watu wengine. Alipokuwa na miaka 13, mwaka 1788, akatiwa katika manowari ajifunze kazi. Alikuwa mtoto mkaidi na mwenye kelele. Kama angekuwa katika darasa letu la Shule ya Jumapili, pengine tungesema, “Huyu hatafaa kitu.”

Lakini katika ubaharia wake alijifunza kazi moja iliyomtuliza, nayo ni kupima bahari. Katika vita vya Waingereza na Wafaransa alikamatwa, akawekwa kifungoni katika kisiwa cha Mauritius tangu mwaka 1808 hata 1810. Alipofunguliwa aliendelea na kazi. Baada ya vita alipima maziwa makubwa ya Kanada. Kisha, mwaka 1822, akatumwa kuipima pwani ya Afrika. Alipewa manowari mbili, Leven na Barracouta.

Fikirini kazi hiyo. Mashua ndogo inashushwa kutoka manowarini asubuhi. Watu wanapiga makasia. Mmoja anatupa bildi, anasoma, anapaza sauti, mwingine anaandika. Wanaenda mbele kidogo, wanatupa tena. Jua linawachoma. Jioni wanarudi wakiwa na namba nyingi katika daftari. Kesho hivyo hivyo. Mwezi ujao hivyo hivyo. Mwaka ujao hivyo hivyo. Waliipima pwani ya mashariki na ya magharibi ya bara hili, na kisiwa cha Bukini, ambacho sasa ni Madagaska. Waliporudi Uingereza mwaka 1826 walikuwa wamechora karibu ramani 300.

Tena kazi ile ilidai maisha ya watu. Siku zile hakuna aliyejua kwamba malaria inaletwa na mbu. Watu walidhani inatoka katika hewa mbaya ya vinamasi. Kwa hiyo mabaharia walilala mitoni bila kinga, na homa ikawamaliza. Penye ghuba ya Delagoa, ambapo leo ni Maputo, walizikana wengi. Mwaka 1823 watu watatu walipanda mto Zambezi, na mmoja wao alikuwa kijana mtaalamu wa mimea, jina lake John Forbes. Hakuna hata mmoja wa watatu hao aliyerudi. Safari yote ilipokwisha, zaidi ya nusu ya wale waliotoka Uingereza pamoja na Owen walikuwa wamekufa.

Sasa tufike Mombasa.

Wakati ule Mombasa ilitawaliwa na Wamazrui, na Liwali wao alikuwa Suleiman bin Ali. Nao walikuwa katika hatari, kwa maana Seyyid Said, mtawala wa Omani, alitaka kuutwaa mji. Mfa maji haishi kutapatapa. Wamazrui waliona afadhali wajifiche chini ya Waingereza. Owen alipoingia bandarini na Leven mwezi wa Februari 1824, alikuta bendera ya Kiingereza imekwisha kupandishwa juu ya Ngome.

Owen alikuwa mtu wa dini, naye alichukia biashara ya watumwa kwa moyo wake wote. Alikuwa ameyaona majahazi yakiwa yamejaa watu waliofungwa, amewaona watoto wakiuzwa. Basi akawaambia Wamazrui ya kuwa atawapa ulinzi, lakini kwa sharti kwamba Mombasa iache kufanya biashara ya watumwa. Wakakubali. Wakaandikiana. Akamwacha pale afisa wake mmoja, Luteni John James Reitz, awe mkuu wa mahali pale, kisha yeye akatweka matanga akaenda zake kupima.

Wasikilizaji, hakuna aliyemtuma kufanya hivyo. Serikali yake ilimtuma kupima bahari. Hakuwa na amri ya kutwaa mji wala ya kuahidi ulinzi. Alifanya kwanza, ndipo akaomba kibali.

Reitz hakumaliza miezi minne. Mwezi wa Mei mwaka ule ule 1824 alikwenda kuangalia upande wa mto Pangani, akashikwa na homa, akafa. Ndiyo sababu ile bandari ya ndani inaitwa Port Reitz. Baada yake alishika kazi kijana mmoja mwanafunzi wa ubaharia, na baada ya huyo Luteni James Emery. Watumwa wachache waliokamatwa vyomboni waliachwa huru, wakapewa mahali pa kukaa karibu na mji. Lakini London na Bombay wakubwa walitikisa vichwa. Seyyid Said alikuwa rafiki yao, nao hawakutaka kumwudhi kwa ajili ya neno la nahodha mmoja. Wakalikana lile patano. Mwezi wa Julai 1826 bendera ikashushwa, Emery na watu wake wakaondoka. Mwaka 1837 Wamazrui wakashindwa kabisa, Mombasa ikawa chini ya Seyyid Said. Na majahazi ya watumwa yakaendelea kupita.

Kazi ya miaka miwili na zaidi, na kaburi la kijana, na ahadi kwa mji mzima, vyote vikawa bure. Hivyo ndivyo ilivyoonekana.

Pengine wewe unayenisikia unajua uchungu wa namna hiyo. Ulianzisha jambo jema kazini, mkubwa wako akalikana. Uliahidi watu kwa jina la kampuni, kampuni ikasema haikujui. Ulijenga kwa miaka 20, ukastaafu, na wiki ya pili tu aliyeshika kiti chako akabomoa yote. Sasa umekaa hapa Kamakis katika ploti yako, na usiku usingizi hauji. Unajiuliza, “Maisha yangu yalikuwa na maana gani?”

Kwa huyo ndiyo nina mambo matatu ya kusema leo.

Jambo la kwanza: si kila bendera tunayoipandisha kwa jina la Mungu ameiamuru Mungu. Kuchukia biashara ya kuuza watu hakukuwa kosa. Hapo Owen alisimama na Bwana, na waliomkana hawakusimama naye. Lakini katika moyo wake palikuwa na kitu kingine kilichochanganyika na kile chema. Aliandika ya kwamba kwake ilikuwa wazi kabisa kuwa Mungu ameliandaa taifa lake litawale pwani hii. Unaona? Mtu aliyeweza kupima kina cha bahari mpaka pima ya mwisho, hakukipima kina cha moyo wake mwenyewe. Alidhani ufalme wa Mungu na ufalme wa mfalme wake ni kitu kimoja. Wala hakuna aliyemwuliza mvuvi wa Mombasa anataka bendera gani. Wala mtumwa hakuulizwa.

Sisi pia hufanya hivyo. Tunaona jambo ni jema, mara moja tunalitia jina letu juu yake, kanisa letu, kabila letu, ukoo wetu. Likishushwa, tunalia kana kwamba Mungu ameshindwa. Mungu hajashindwa. Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa. Mwaka 1875 wamisionari wa CMS walianzisha kijiji cha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kwa ajili ya watu waliookolewa katika majahazi. Mwaka 1907 utumwa ulikomeshwa kisheria katika pwani ya Kenya. Owen alikuwa kaburini miaka 50. Jambo lilikuja, lakini halikuja chini ya bendera yake.

Jambo la pili: kazi ndogo iliyofanywa kwa uaminifu hukaa kuliko kishindo. Angalieni. Bendera ya Owen juu ya Ngome ilidumu kama miaka miwili na nusu tu. Zile namba zilizoandikwa mashuani, pima 8 hapa, pima 12 pale, mchanga hapa, mwamba pale, ziliongoza meli kwa miaka mingi sana baada yake. Nahodha asiyemjua Owen, wa taifa lisilompenda Owen, aliifungua ramani usiku wa mvua, akaiona alama ya mwamba, akageuza usukani, na watu wote waliokuwa wamelala katika meli ile waliamka asubuhi wakiwa hai. Hawakujua hata kwamba wameokolewa. Hivi sasa manowari za Jeshi la Wanamaji la Kenya, lililoundwa tarehe 12 Desemba 1964, hutoka Mtongwe na kupita katika maji yale yale. Siku hizi kina cha maji hupimwa kwa mlio wa sauti unaoshuka na kurudi, wala si kwa kamba. Lakini amri ni ile ile: pima, andika kweli, usiongeze, usipunguze.

Sheria ya Musa inakataza kuhamisha mpaka wa jirani, na kitabu cha Mithali kinasema Bwana huchukia mizani ya hila. Kwa nini Mungu ajishughulishe na mawe ya mpaka na mizani ya dukani? Kwa sababu watu hukanyaga mahali tulipopima sisi. Mwalimu anayesahihisha madaftari bila kuchoka, anapima. Muuguzi anayesoma joto la mgonjwa saa tisa ya usiku na kuliandika kama lilivyo, anapima. Mama muuza maharagwe anayejaza kikombe mpaka juu, anapima. Dereva wa lori anayekagua breki kabla ya kuteremka, anapima. Hakuna anayepiga makofi. Lakini mtu fulani atakanyaga pale, na patakuwa imara.

Basi, wewe mstaafu unayehesabu bendera zako zilizoshushwa, nakusihi uhesabu pia bildi zako. Wakumbuke wale uliowatendea haki katika siku za kawaida, siku ambazo wewe mwenyewe umezisahau. Huenda kazi yako ya kweli ilikuwa hiyo.

Jambo la tatu ni habari za uzee wake. Mwaka 1835, Owen akiwa na miaka 60, alikwenda kukaa katika kisiwa kidogo cha Campobello, katika New Brunswick huko Kanada, mpakani mwa Marekani. Kisiwa hicho baba yake alikuwa amepewa zamani. Watu wa huko husimulia ya kuwa alijenga jukwaa la mbao karibu na nyumba yake, mfano wa sitaha ya manowari, na jioni alivaa sare zake zote akatembea juu yake, huku na huku, huku na huku, kana kwamba yu baharini.

Hapo mwanzo nilipozisoma habari hizo nilicheka. Baadaye sikucheka tena, kwa sababu niliwaona watu ninaowajua. Yupo mzee ambaye bado anatembea juu ya sitaha isiyokwenda popote. Ukimtembelea atakueleza habari za ofisi yake, na dereva wake, na jinsi watu walivyosimama alipoingia. Anampigia mkewe amri kama karani. Watoto wanamkimbia. Mzee wangu, nakuambia kwa heshima: sitaha hiyo haina bahari chini yake.

Lakini hatukusikia bado mwisho wa Owen. Katika kisiwa kile aliwaongoza watu katika ibada, akawasomea sala, yeye ambaye hakuwa mchungaji. Tena, alipokuwa anakaribia miaka 70, aliombwa kuipima ghuba ya Fundy, ambayo maji yake hujaa na kupwa kuliko mahali pengine duniani. Akateremka kutoka katika jukwaa lake, akarudi mashuani. Mzee wa karibu miaka 70, katika ukungu na baridi, bildi mkononi! Mwaka 1847, baada ya kazi hiyo, ndipo alipopewa cheo cha admirali, na mwaka 1854 akaongezwa cheo kingine. Mwaka 1855 lilisimamishwa katika kisiwa kile kanisa la Mtakatifu Anna, alilosaidia kulijenga. Alikufa tarehe 3 Novemba 1857, mwenye miaka 83.

Kwa hiyo nina picha mbili za mzee mmoja. Katika picha moja amevaa sare, anatembea juu ya mbao zisizokwenda popote. Katika picha nyingine ameloa maji, anainama ukingoni mwa mashua, anasoma alama ya kamba kwa ajili ya watu watakaokuja. Mungu hakutuacha bila kuchagua. Mstaafu anaweza kuchagua mashua. Kanisani wako vijana wasiojua kina cha maji wanayoingia: maji ya mikopo ya simu, maji ya pombe, maji ya ndoa za haraka. Wewe umepita huko. Unajua mwamba uko wapi. Uliugonga mwenyewe. Je, utawaambia? Au utaendelea kuwasimulia habari za sare zako?

Nami nina neno la mwisho kwa kila mtu, mzee na kijana. Wale mabaharia wa Paulo walipima usiku, katikati ya tufani, walipokuwa hawaoni kitu. Wengi wetu tunapofika usiku kama huo tunaogopa kupima. Tunaogopa kwenda hospitali, tusije tukaambiwa. Tunaogopa kuhesabu madeni. Tunaogopa kumwuliza mwenzetu wa ndoa, “Je, tuko salama?” Lakini miamba haiondoki kwa sababu hatukupima. Tupa bildi. Kama ni pima 20, jua ni 20. Kama ni 15, jua ni 15. Kisha usiruke katika mashua ndogo kukimbia peke yako, kama walivyotaka kufanya mabaharia wale. Tia nanga, kaa na wenzako chomboni, uombe kupambazuke. Merikebu inaweza kuvunjika. Cheo kinaweza kwenda, ploti inaweza kwenda. Lakini Bwana, ambaye malaika wake alisimama karibu na Paulo, aliwafikisha watu wote pwani, wengine wakiogelea, wengine juu ya vipande vya mbao.

Na tuombe.

Ee Bwana, wewe uliyepima maji yote, nawe wakijua kina cha mioyo yetu. Utusamehe bendera tulizozipandisha kwa jina lako, nawe hukutuagiza. Uwafariji waliokanwa katika kazi njema. Uwakumbuke vijana waliokufa mbali na kwao, ambao njia zao twazipita leo bila kujua. Uwape wastaafu wetu mashua ya kupandia, wasife juu ya sitaha isiyokwenda popote. Utufundishe kupima kweli, dukani na shambani na nyumbani, ili wale watakaokuja baada yetu wakanyage mahali imara. Na usiku wetu ukiwa mrefu, ushike nanga zetu mpaka kupambazuke. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.